Foleni ya Stesheni ya Duara

Leonard Tapsell alikata shauri saa kumi na moja alfajiri, akalibatilisha wakati wa kunyoa ndevu, akalikata tena alipokuwa akipaka siagi kwenye mkate. Leo atasema. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne, kazi yake maisha yote ilikuwa kurekebisha sauti za piano za watu, na kwa miaka tisa mfululizo alikuwa akimpenda Gwenda Prosser bila kumwambia hata nusu ya neno. Sisi Waswahili tuna jina la mtu wa namna hii: domo zege. Nalitumia kwa heshima zote, maana zege ndilo lililowakutanisha.

Walikutana katika chama cha wapenzi wa stesheni. Usicheke. London ina vyama vya watu wanaopenda bata, vya wanaopenda vifuniko vya mitaro, vya wanaopiga kengele za kanisa kwa hesabu bila kuimba wimbo wowote. Chama hiki kilikuwa cha wanaopenda stesheni zilizojengwa pembezoni mwa jiji miaka ya thelathini, zile za matofali matupu, zege na vioo virefu, ambazo hazina pambo hata moja la kuhadaa jicho. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi walikwenda kuizuru mojawapo. Walianza watu kumi na mmoja. Wawili walifariki, wanne wakahama, watatu wakajitoa kwa hasira baada ya ugomvi juu ya rangi ya vigae fulani, wakabaki Leonard na Gwenda, ambao waliendelea kuandika kumbukumbu za mkutano na kupiga kura kila walipotaka kubadili benchi la kulia sandwichi zao za mayai.

Gwenda alikuwa mwalimu wa jiografia aliyestaafu, mtu wa Wales, mfupi, mwenye kofia ya kijani na sauti iliyozoea kufika dawati la nyuma. Mwezi uliopita, katika stesheni nyingine, alisema kama mtu anayezungumzia mvua kwamba dada yake amempa chumba cha chini katika nyumba yake kule Tenby, ufukweni, na anataka jibu Jumatatu ya baada ya safari yao ya Septemba.

"Nimjibu nini, Leonard?" aliuliza.

Leonard akamwangalia. Akaliangalia zege. Akasema, "Hewa ya baharini ni nzuri kwa kifua."

Gwenda alikifunga kifuniko cha chupa ya chai kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na Leonard hakupata usingizi kwa siku tatu.

Basi leo ndiyo leo. Safari ya Septemba ilikuwa ya Fernhill Park, stesheni waliyoiweka akiba kwa makusudi miaka yote, kama mtoto anayeiacha nyama mpaka mwisho wa sahani. Wangekutana saa tano kamili, chini ya saa ya ukutani. Pete ya marehemu mama yake ilikuwa mfukoni, ndani ya kikopo cha bati cha pipi za koo, kwa sababu kisanduku chake cha mahameli kilikuwa kimeliwa na nondo, na Leonard hakutaka kumposa mtu kwa kisanduku chenye matundu. Ndani ya treni alifanya mazoezi kwa sauti ya chini, akikitazama kioo cha dirisha. "Gwenda, nina jambo," alikiambia kioo, na abiria wa pembeni yake akaondoka kwa adabu akaenda kukaa mbali.

Alifika saa nne na dakika ishirini, kwa kuwa ana woga. Alipopita mlango tu, mwili ukamsisimka. Fernhill Park ni ukumbi wa duara, mpana, mrefu kwenda juu, na katikati kuna nguzo moja inayolibeba paa zima la zege. Moja tu. Madirisha yanazunguka huko juu kote, na mwanga wa Septemba ulikuwa ukimwagika bila ubahili, mpaka hata mashine za tiketi zikaonekana zina heshima zake. Leonard alitaka kucheka. Picha zake alikuwa ameziona mara elfu, lakini picha haikwambii kwamba mahali hapa panakuinua kidevu hata kama hutaki. Waliojenga hiki kitu, aliwaza, waliamini kwamba mtu anayekwenda kazini Jumanne asubuhi, amenuna, amesahau mwavuli, anastahili kupita mahali kama hapa. Machozi yakamlengalenga, akajikohoza.

Akasimama chini ya saa, karibu na kibanda cha zamani cha simu, cha mbao na vioo, kilichochomoza kutoka ukutani na ambacho simu yake iliondolewa zamani. Hapo ndipo alipofanya kosa. Alisimama wima, mikono nyuma, uso umeelekea kibanda, bila kuegemea kitu na bila kutazama simu ya mkononi. Katika nchi ile, mtu anayesimama hivyo ni foleni.

Hazikupita dakika tatu, bibi mmoja mwenye kikapu cha magurudumu akasimama nyuma yake.

"Samahani, mpenzi, foleni ndiyo hii?"

Mtu mwingine yeyote duniani angesema hapana. Lakini kusema hapana kungekuwa kumwambia bibi wa watu kwamba amekosea, hadharani, asubuhi yote ile, na Leonard alilelewa vizuri.

"Nadhani ndiyo," akasema.

"Afadhali. Nilidhani nimechelewa." Bibi akavuta kikapu chake karibu na kujitambulisha kuwa ni Winifred Clutterbuck, wa barabara ya pili kutoka pale.

Nyuma ya Bibi Clutterbuck akasimama bwana mwenye mbwa. Nyuma ya mbwa, mume na mke waliovaa makoti ya mvua ya rangi moja. Baada ya robo saa walikuwa watu kumi na wanane, na hakuna aliyejua wanangoja nini. Wa makoti ya mvua walikuwa na hakika kwamba leo vyumba vya juu vya stesheni vinafunguliwa kwa wageni. Bwana wa mbwa alikuwa amesikia habari za vikombe vya bure vyenye picha ya nguzo. Mmoja alidhani ni foleni ya choo, akawa anasimama kwa mguu mmoja. Kuuliza haikuwezekana tena. Ukishangoja dakika kumi, kuuliza unangoja nini ni kujivua nguo sokoni.

Leonard akajikaza, akageuka. "Bibi, kusema kweli, mimi hapa..."

"Usijali, mpenzi. Nenda kajisaidie, nitakulindia nafasi yako. Hapiti mtu."

"Hapana, sina haja hiyo, ila..."

"Nenda tu. Kwa umri wetu huu, ya nini kuona haya?"

Leonard akageuka tena mbele, masikio yamemwiva.

Kisha akaja Parveen Lodhi, mhudumu wa stesheni, ndani ya kizibao chake cha rangi ya machungwa. Aliitazama ile foleni, ambayo sasa ilikuwa inaelekea kuziba njia ya mageti. Hakuuliza ni ya nini. Foleni iliyonyooka vizuri haiulizwi maswali.

"Haya wapenzi wangu, tuufuate ukuta, tuufuate ukuta, tuwaachie wa treni wapite. Wewe bwana, mvute mwenzio huyo, asije akakanyagwa mkia. Hivyo hivyo. Mmependeza kweli."

Akaleta vile vyuma vyenye utepe mweusi, akaleta na bango lenye maandishi FOLENI INAANZIA HAPA, akalisimamisha mbele ya vidole vya miguu ya Leonard. Sasa mambo yakawa rasmi.

"Dada," Leonard akamnong'oneza, "ukweli ni kwamba mimi namngoja mtu."

"Sote tunangoja mtu, bwana," akasema Parveen kwa upole, akimnyooshea utepe. "Wewe angalau ni wa kwanza."

Ilipofika saa tano kasoro dakika tano, foleni ilikuwa imeuzunguka ukumbi mzima. Ilikuwa imepita mbele ya mashine za tiketi, ikaruka njia ya mageti, ikapita chini ya ramani kubwa, ikarudi mpaka upande wa pili wa kile kibanda cha simu. Ndiyo shida ya duara. Leonard alikuwa upande huu wa kibanda, wa kwanza. Mtu wa arobaini na tatu nyuma yake alikuwa upande ule, hatua mbili kutoka hapo, amekipa kibanda mgongo, anatazama visogo vya wenziwe na kujiuliza huyo wa kwanza yuko umbali gani.

Bibi Clutterbuck akakohoa. Alikuwa amekiona kikopo, kwani Leonard alikuwa amekitoa mfukoni na kukirudisha mara saba.

"Hebu nipe pipi moja, mpenzi. Vumbi la hapa limenikaa kooni."

Kumnyima pipi bibi anayekohoa haiwezekani. Kukifungua kile kikopo nako haikuwezekana. Leonard akakifungua. Ndani mlikuwa na pipi nne na pete moja ya kijiwe cha buluu. Bibi Clutterbuck akachukua pipi, akaisukumia shavuni, akaitazama pete kwa kitambo, kisha akamtazama Leonard kuanzia viatu vilivyopigwa kiwi mpaka nywele zilizochanwa kwa maji.

"Ni nani huyo?"

"Anaitwa Gwenda. Anafika saa tano."

"Anajua?"

"Hajui. Miaka tisa sasa."

"Mungu wangu," akasema Bibi Clutterbuck. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutunza siri, akamwambia bwana wa mbwa peke yake.

Saa tano juu ya alama, kofia ya kijani ikaingia mlangoni. Leonard aliiona kupitia vioo viwili vya kibanda vyenye vumbi, akashika mbao kwa mikono miwili. Gwenda akainua kidevu, kama kila aingiaye pale, akaitazama nguzo, akalitazama paa, akatabasamu peke yake. Kisha akaangaza huku na huku kumtafuta Leonard, asimwone, maana kibanda kilikuwa kimemficha. Alichokiona ni foleni, na mkia wa foleni ulikuwa chini ya saa, palepale walipoahidiana. Gwenda alikuwa ameishi London miaka arobaini. Akasimama kwenye mkia.

"Samahani," akamuuliza mwanamke aliyekuwa mbele yake, "foleni ya nini hii?"

"Sijui hata kidogo, mpenzi," akajibu yule mwanamke, "lakini inakwenda vizuri."

Haikuwa imesogea hata unyayo.

Leonard angeweza kutoka. Hatua mbili tu, akizunguke kibanda, yuko naye. Lakini bango lilikuwa miguuni pake, na nyuma yake kulikuwa na watu waliompa imani yao yote; mtu wa kwanza akiondoka, wa pili atamtazama nani? Halafu, tusidanganyane, alikuwa anaogopa. Maneno aliyoyapanga tangu alfajiri yalikuwa yamemponyoka yote, na alipotafuta kichwani alikuta mawili tu yamebaki, hewa na baharini.

Wakati huo siri ilikuwa safarini. Bwana wa mbwa alimwambia wa koti la mvua, koti likaliambia koti. Leonard aliifuata kwa macho ikizunguka ukuta. Kichwa kinageuka, kinasikiliza, kinanyoosha shingo kumtazama yeye, kinatabasamu, kinamgeukia wa nyuma. Ikapita kwenye mashine za tiketi. Ikaruka njia ya mageti. Hawa ni watu ambao wangepanda treni moja asubuhi zote kwa miaka ishirini bila kusalimiana, na sasa walikuwa wakinong'onezana kama wapambe wa bibi harusi. Njiani siri iliota nyama. Mahali pengine pete ilikuwa ya almasi. Kwenye ramani walisema bwana yule ana ugonjwa wa moyo na daktari amempa mpaka saa sita.

Ikamfikia mwanamke aliyekuwa mbele ya Gwenda. Akageuka, macho yanamng'aa.

"Hutaamini. Yule bwana wa kwanza kabisa anataka kuposa. Ana pete kwenye kikopo cha pipi za koo."

Kofia ya kijani ikatulia.

"Kikopo gani?" akauliza Gwenda.

"Wanasema chekundu, kifuniko kimebonyea."

Gwenda alikijua kile kibonyeo. Yeye ndiye aliyekikalia kikopo, kwenye benchi, mwaka wa pili wa chama, na jambo hilo liliandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano.

"Na huyo mwanamke anayengojwa?" akauliza polepole.

"Hajafika, maskini."

"Amefika," akasema Gwenda. "Ndiye wa mwisho."

Yule mwanamke akaziba mdomo kwa mkono. "Ni wewe? Sasa unafanya nini hapa? Nenda, mpenzi, nenda."

"Nitangoja zamu yangu," akasema Gwenda, kwa sauti yake ya darasani, ila mwishoni ilimtetemeka. "Nyote mmenitangulia."

Leonard aliyasikia hayo yote kupitia mbao na vioo.

Hapo likatokea jambo ambalo Parveen Lodhi anasema hajaliona katika miaka kumi na sita ya kazi yake. Yule mwanamke akasogea kando. "Pita mbele yangu," akasema. Aliyekuwa mbele yake akasema, "Na yangu." Na yule wa mguu mmoja, aliyengoja choo, naye akasogea, akiwa amekunja uso kwa maumivu na ukarimu.

Gwenda angegeuka nyuma tu, angekutana na Leonard pua kwa pua. Lakini huko kungekuwa kuingilia foleni kwa mbele, kitu ambacho hajakifanya tangu azaliwe, na hakuona sababu ya kukianza siku hiyo. Akashika njia ndefu.

Akauzunguka ukumbi mzima, mtu mmoja mmoja.

"Samahani."

"Pita, mpenzi."

"Ahsante sana. Samahani."

"Karibu, mama, pita."

"Samahani, nimekukanyaga."

"Kosa langu, niliuacha mguu njiani."

Leonard alikipa kibanda kisogo, akaifuata kofia ya kijani. Ikapotea nyuma ya nguzo, ikatokeza. Ikaingia kwenye mwanga wa dirisha moja, ikatoka, ikaingia kwenye mwanga wa dirisha jingine. Kila mtu aliyempisha alibaki akitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa linauzunguka ukuta na kumjia yeye. Furaha ikampanda kutoka magotini. Alianza kucheka na hakuweza kujizuia. Bibi Clutterbuck naye akashikwa na kicheko, pipi ikakaribia kumponyoka, mbwa akabweka, na lile paa la duara likazipokea sauti zote likazirudisha zimenenepa. Fundi wa piano akatega sikio hata katikati ya kicheko. Ukumbi ule ulikuwa unaitikia katika noti ya fa, safi kabisa, wala hauhitaji kurekebishwa.

Wa mwisho kumpisha Gwenda alikuwa Bibi Clutterbuck, na hakumpisha hivihivi. Alisimama na kikapu chake katikati ya njia.

"Unampenda, au umekuja kumvunja moyo mtoto wa watu? Nataka kujua, maana nimesimama hapa dakika arobaini."

"Nipishe, mama," akasema Gwenda. "Hilo nitamwambia mwenyewe."

Kikapu kikasogezwa. Gwenda akasimama mahali pa mtu wa pili, anahema, kofia imekaa upande.

"Samahani kwa kuchelewa, Leonard," akasema. "Kulikuwa na foleni."

Leonard akafungua mdomo. Foleni nzima ikanyoosha shingo.

"Hewa ya baharini," akaanza, na kule kwenye mashine za tiketi mtu akaguna kwa uchungu.

Leonard akafumba macho, akapiga moyo konde. "Hewa ya baharini ni upuuzi, Gwenda. Sijui lolote kuhusu vifua. Usiende Tenby. Nakupenda tangu ile safari ya kwanza kabisa, ulipoupigapiga ule ukuta wa zege ubavuni kama ng'ombe wako, ukauambia umefanya kazi nzuri. Nataka nikae na wewe siku zote, si Jumamosi ya kwanza tu. Nimemaliza."

Akamfungulia kikopo. Gwenda akaangalia ndani, machozi yakimshuka bila yeye kuyajali. Akaichukua pete akaivaa mwenyewe, kwa kuwa Leonard alikuwa bado amefumba macho na asingelenga kidole. Halafu akachukua na pipi.

"Jumatatu nitamwambia dada chumba ampe paka," akasema. "Miaka tisa, Leonard. Miaka tisa nimesimama nyuma yako, nangoja foleni isogee."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ndiye uliyekuwa mbele."

Watu wakapiga makofi, kwanza yale ya adabu, ya ncha za vidole, kisha yale ya kweli. Parveen alilia waziwazi na kujifuta kwa kizibao. Yale makofi yalipopungua, bwana wa koti la mvua akanyoosha mkono.

"Sitaki kuharibu shughuli," akasema, "lakini vyumba vya juu vinafunguliwa saa ngapi?"

Leonard akamshika Gwenda mkono, wakalipita bango, wakaenda zao chini kwenye benchi la kungojea treni, na chupa yao ya chai, kuandika kumbukumbu za mkutano. Bibi Clutterbuck akaivuta sketi yake ikakaa sawa, akaiweka miguu palepale ilipokuwa ya Leonard, akatazama mbele. Na nyuma yake, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, foleni nzima ikasogea hatua moja.